Kamati ya Pikipiki ya Mutembei

Ukitaka kumjua Mutembei wa Kaaga usimtafute barabarani, utampita. Mtafute kwenye mafaili. Kila kamati iliyowahi kukalia viti vya plastiki upande ule wa Meru, katibu wake alikuwa yeye: kamati ya maji, kamati ya wazazi, kamati za mazishi zisizo na idadi, na ile kamati ya choo cha kanisa iliyokaa miaka sita mpaka choo kikachimbwa na mtu mwingine kabisa. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, akastaafu mwaka jana. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na hapo ndipo alipoponzeka. Kwetu mtu mwenye mwandiko mzuri hupewa kalamu, na akishapewa kalamu hakuna anayemuuliza tena maoni yake.

Ameandika "ilikubaliwa kwa kauli moja" mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake, na hiyo kauli moja haikuwahi kuwa ya kwake. Hata mke hakumchagua. Gladwell alipendekezwa na kamati ya kwaya, mwaka ambao mchungaji alilalamika kwamba kwaya ina sauti nzuri lakini haina ndoa. Mutembei wa sauti ya tatu akapangiwa Gladwell wa sauti ya pili, na kumbukumbu za kikao hicho akaziandika yeye mwenyewe, kwa wino wa bluu. Gladwell alikuwa mrefu kumshinda kwa kichwa kizima. Kwenye picha ya harusi bwana harusi amesimamishwa juu ya jiwe la kujengea, ambalo mpiga picha aliapa halitaonekana. Linaonekana. Liko ukutani sebuleni mpaka leo, na wageni hulitazama kabla ya kumtazama bibi harusi.

Basi huyo ndiye mtu ambaye, siku moja ya Jumanne, akinywa chai, aliona picha kwenye simu na moyo ukamruka.

Ilikuwa pikipiki. Lakini jamani, si pikipiki hizi zetu za kubeba watu watatu na mbuzi. Ilikuwa pikipiki kubwa ya kizungu, ya safari ndefu, nyeusi tii, na vyuma vyake viking'aa hivi kwamba ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kiti chake kilikuwa kipana kuliko kochi la Mutembei. Mwenyewe aliitwa Ngari, wa Manyatta kule Embu, mtu aliyeendesha malori ng'ambo miaka ishirini na kurudi na pesa kidogo, maumivu ya mgongo, na hilo dude. Chini ya picha alikuwa ameandika: "Imetumika kidogo. Uzito kilo mia tatu na hamsini. Bei tunazungumza. Mwenye mzaha asipige simu."

Mutembei alijua kuendesha. Miaka kumi na miwili alikuwa ndiye wa kupeleka barua za shule kwa kapikipiki kadogo kalichokohoa kila mlima, na leseni anayo. Alichokuwa hajui ni kutaka. Aliitazama ile picha mpaka chai ikafanya ngozi juu.

Gladwell alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akamwona.

"Ni nini hiyo, Baba Mwendwa?"

Akamwonyesha. Gladwell akaitazama kwa muda mrefu, mikono imejaa majani.

"Wewe unaitaka?"

"Ni kitu cha kufikiriwa."

"Sijauliza kama inafikiriwa. Nimeuliza kama unaitaka."

"Tuone watu watasemaje," Mutembei akajibu.

Gladwell akarudi kwenye mboga zake, na majani yale hayakuwa na kosa lolote kustahili kukatwa vile.

Sasa sikiza kosa alilofanya, na ni kosa ambalo mtu wa Kaaga pekee anaweza kulifanya. Alhamisi kulikuwa na kikao cha kamati ya maji. Ajenda ya mwisho, kama kawaida, ni Mambo Mengineyo. Mtu mwenye akili timamu hasemi jambo la moyoni mwake kwenye Mambo Mengineyo. Kuna mzee mmoja aliwahi kutaja hapo kwamba kiuno kinamsumbua. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na kamati, na harambee, na kitanda hospitalini, na kiuno chenyewe kilikuwa kimepona siku ya pili. Mutembei aliyajua haya yote, maana ndiye aliyeyaandika. Lakini mwenyekiti Kiunga alipouliza, "Kuna mwingine mwenye neno?" Mutembei akasikia mdomo wake ukisema:

"Mimi nafikiria kununua pikipiki."

Kiunga alikuwa mzee mnene mwenye sauti inayotoka chini sana, sauti ya lori linalopanda mlima na mzigo. Akavua miwani.

"Katibu," akasema, "hilo ni jambo zito. Haliwezi kuachiwa mtu mmoja."

"Lakini Mwenyekiti, si pikipiki ni yangu..."

"Bado si yako. Ndiyo maana tunakaa."

Na Mutembei, Mungu amsaidie, akainamisha kichwa na kuyaandika maneno hayo.

Kamati ikaundwa pale pale, watu kumi na mmoja. Kiunga mwenyekiti. Mutembei katibu, nani mwingine? Kajuju, mama muuza ndizi na viazi asiye na mchezo, akawa mweka hazina. Kwa vile hapakuwa na hazina ya kuweka, akasema hawezi kukaa na cheo mikono mitupu, akaomba angalau ashike kitambulisho cha Mutembei. Akapewa, akakifunga kwenye kona ya leso.

Kikao cha kwanza kilichukua saa tatu kujadili kama iitwe Kamati ya Pikipiki au Kamati ya Usafiri na Maendeleo. Kikao cha pili kilifanyika kwa Mutembei, kikala sufuria mbili za mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, na jogoo mmoja, kikaamua kwamba jambo liangaliwe kwa undani. Kikao cha tatu kilirudi kwa Mutembei kwa sababu mukimo ulikuwa mzuri. Mutembei alikuwa akihama na kijitabu chake kutoka kiti hadi kiti, akiandika mawazo ya kila mtu kuhusu pikipiki yake. Mmoja alisema mtu wa miaka sitini akipanda kitu kile ataonekana mhuni. Mwingine akasema ataonekana mheshimiwa. Wote wawili akawaandika vizuri, kwa usawa.

Watu walipoondoka Gladwell alikuwa anasugua sufuria.

"Sasa? Umejua kama unaitaka?"

"Wameamua twende Embu Jumamosi tukaikague."

"Baba Mwendwa, sikuuliza wao."

"Ngoja twende kwanza, Mama Mwendwa."

Gladwell aliiweka sufuria chini kwa nguvu mpaka paka akatoka nje. Lakini Jumamosi alfajiri, gari la kanisa lilipokuja, alikuwa wa kwanza kupanda, amevaa viatu vyake vya kutembelea na uso wa kutokuulizwa. Mutembei akamwandika chini ya "Waliohudhuria kwa Mwaliko", ingawa hakuna aliyemwalika.

Safari ilikuwa ndefu, maana kila mjumbe alikuwa na shangazi njiani. Nkubu wakanywa chai. Kwenye kona za Nithi, zilizokwisha kuua wengi, wakanyamaza wote na kuomba kimoyomoyo, kama kila mtu anavyofanya pale. Chuka wakanywa chai tena. Walifika Manyatta karibu saa tisa, wakamkuta Ngari nje, mtu mwembamba aliyejishika kiuno, akihesabu vichwa vinavyoshuka kwenye gari.

"Ni nani mnunuzi?" akauliza.

"Ni kamati," Kiunga akajibu.

Ngari akatazama watu kumi na mmoja na mama mmoja mrefu. "Na ataendesha nani?"

Wote wakamwonyesha Mutembei, na Ngari akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Haikuchukua muda.

Pikipiki ilikuwa kwenye banda, imefunikwa shuka la kitanda lenye maua. Ngari akalivua polepole. Nakwambia, simu ilikuwa imedanganya. Ilikuwa kubwa zaidi, nyeusi zaidi. Kilomita mia moja na sitini tu tangu izaliwe, Ngari alisema: aliipanda kutoka Nairobi, akaenda nayo kanisani mara mbili, mvua ikanyesha, tope la Manyatta likaimeza mpaka tumboni, ikavutwa na fahali wawili huku waumini wakitazama. Tangu hapo mgongo ulikataa. Sasa huiwasha tu asubuhi na jioni ili betri isife.

Mutembei alitaka kuigusa, lakini kamati ilikuwa na haki ya kwanza. Kiunga akaigonga tangi kwa bakora kama mtu anayekagua tikiti maji. Mwingine akainama akatafuta kitu chini yake, nadhani kiwele. Kajuju akaizunguka mara mbili.

"Inabeba magunia mangapi?"

"Haibebi magunia, mama."

"Hata moja la viazi?"

"Ni ya mtu kukaa tu. Aende."

"Aende wapi?"

"Popote."

Kajuju akageukia kamati. "Ni kubwa kuliko fahali," akasema, "na kazi yake ni ndogo kuliko ya punda. Andika hivyo, Katibu."

Katibu akaandika.

Mara lango la ua likafunguka, akaingia jirani, mjane mmoja aliyeitwa Ann, ndoo mkononi na hasira kichwani.

"Ngari! Ni ukweli unauza hiyo kitu?"

"Ann, tulizungumza."

"Ulizungumza wewe! Na ng'ombe yangu?"

Ikabidi wageni waelezwe. Ann alikuwa na ng'ombe wa maziwa, Sukari, aliyefungwa upande wa pili wa ua. Miaka miwili Ngari alikuwa akiwasha pikipiki saa ile ile Ann anapokamua, na Sukari akazoea kuachia maziwa kwa ule mngurumo. Sasa bila mngurumo hatoi hata tone. Ngari alipolazwa wiki moja kwa ajili ya mgongo, Ann aliimba, akamkanda kwa maji moto, akaleta redio. Wapi!

"Ng'ombe hana akili hiyo," Kiunga akasema.

"Haya njooni muone. Ni saa yake sasa. Ngari, washa!"

Ngari akamwita Mutembei. "Mwalimu, panda wewe. Uisikie." Akamvika helmeti iliyomfunika mpaka kwenye nyusi, yeye na mjumbe mmoja wakaishika pikipiki huku na huku, Mutembei akapanda. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba miguu haifiki chini. Haikukaribia hata. Ilining'inia pembeni kama ya mtu aliyekaa ukutani. Watu wakacheka, na Mutembei akasikia uso ukimwaka ndani ya helmeti. Kisha akabonyeza kidude, na injini ikaamka.

Ule haukuwa mlio. Ulikuwa kitu kinachoanzia kwenye mifupa ya matako na kupanda mpaka kwenye meno. Mabati ya banda yakatetemeka, na upande wa pili wa ua Sukari akapiga mlio mrefu wa raha, na maziwa yakaanza kupiga ndoo, chwaa, chwaa, chwaa.

"Aiyaiyai!" kamati ikasema kwa kauli moja.

Na hapo, ndugu yangu, pikipiki ikasahaulika. Watu wote tisa wakakimbilia ua. Hawa ni wakulima. Pikipiki hawaijui lakini ng'ombe wanamjua. Wakatazama kiwele, wakatazama mgongo, wakauliza amezaa mara ngapi, wakauliza anakula nini. Ndoo ilikuwa inapanda. Mutembei alibaki juu ya dude linalonguruma, ameshikwa na Ngari upande mmoja na yule mjumbe upande mwingine ambaye shingo yake yote ilikuwa imegeukia ng'ombe. Gladwell alisimama peke yake kando ya banda, mikono kifuani, akimtazama mumewe.

Kiunga akapaza sauti juu ya injini. "Wajumbe! Tumekuja kwa nia ya maendeleo. Hii pikipiki haina faida. Lakini tumeona kitu chenye faida. Napendekeza pesa za Mwalimu za kustaafu zinunue huyu ng'ombe."

"Naunga mkono," Kajuju akasema.

"Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Hata yule aliyeshika pikipiki akainua mmoja wake, na pikipiki ikayumba.

"Imepita. Katibu, andika: ilikubaliwa kwa kauli moja."

Kijitabu kilikuwa kwenye tangi, kinatetemeka. Mutembei akaishika kalamu. Akaandika "Ilikubaliwa kwa". Miaka thelathini na tano mkono ule ulikuwa haujawahi kusita katikati ya sentensi. Sasa ulisita. Aliliangalia lile neno "kwa" likirukaruka kwenye karatasi. Alihisi hasira, hasira kubwa ya kitoto, ikampanda kooni, na hakujua kwamba alikuwa nayo. Kumbe ilikuwa imekaa humo muda wote, imekunjwa vizuri kwenye faili.

"Mama Mwendwa," akaita, "njoo ushike hiki kitabu."

Gladwell akaja akakishika. Mutembei akatia gia.

Ngari alikuwa mtu wa injini, akaelewa na kuachia. Mjumbe hakuelewa, akabaki ameshika hewa. Pikipiki ikatoka bandani, ikapita kati ya kamati ya watu tisa iliyopasuka kama kuku, ikatoka langoni, ikashika barabara. Nyuma yake sauti ya Ann ikapanda mpaka mlimani:

"Ameenda na maziwa yangu! Sukari amefunga! Ndoo ni nusu!"

Mutembei hakusikia. Alikuwa anakwenda kuelekea Kanja, majani ya chai pande zote mbili, na upepo unaingia kwenye helmeti na kupiga filimbi. Alikuwa peke yake. Hakuna mtu aliyempangia kona ile, aliikunja mwenyewe. Akampita bodaboda aliyebeba kochi, na juu ya kochi alikuwa amekaa mwenye kochi, mama mmoja na pochi yake magotini, akampigia saluti. Mutembei akajaribu kurudisha saluti, karibu aingie mtaroni, akapiga kelele, kisha akagundua kwamba kelele ile ilikuwa kicheko. Akaanza kuimba. Aliimba sauti ya kwanza, ambayo kwenye kwaya hakuwahi kuruhusiwa.

Alipoona mabati ya Kanja ndipo akili ikamrudia na kumuuliza swali moja dogo: utasimamaje?

Miguu haifiki chini. Kilo mia tatu na hamsini. Akisimama inalala, na ikilala ataiinua nani? Akazunguka pale sokoni barabara inapopanuka, mara moja, mara mbili. Vijana wa bodaboda wakamshangilia wakidhani ni maonyesho. "Mzee, simama tuione!" Mutembei akatikisa kichwa. Angependa sana kusimama. Mara ya tatu akaachana nao, akashika njia aliyokuja nayo, maana alikuwa ameelewa kwamba katika dunia hii nzima kuna mahali pamoja tu panapoweza kumsimamisha, napo ni pale palipo na kamati.

Walikuwa barabarani wote. Ngari alikuwa ameshawapanga, watano huku na watano kule, kwa sababu alikuwa amemtazama mnunuzi wake miguu na kufanya hesabu. "Akija mdake kwa mabega!" alikuwa akisema. "Msishike bomba, litawaunguza!" Mutembei akapunguza, akapunguza, akafumba macho. Kajuju akadaka kioo cha pembeni. Kiunga akadaka tangi kwa kitambi. Wakaburuzwa wote hatua kadhaa mpaka kwenye majani ya ng'ombe ya Ann, injini ikazima, na ikawa kimya.

Mutembei akateremshwa kama mzigo. Akavua helmeti. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama.

"Mwenyekiti," akasema, akihema, "nina hoja."

"Katibu hana hoja. Katibu anaandika."

"Leo ninayo. Napendekeza Mutembei anunue pikipiki."

Hakuna aliyewahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. Lakini taratibu ni taratibu, na Kiunga aliziheshimu kuliko chakula.

"Sawa. Imependekezwa. Nani anaunga mkono?"

Hakuna. Mmoja alitazama viatu. Mwingine alitazama ng'ombe. Kajuju alikuwa ameshika kioo kilichobaki mkononi mwake na kukitazama kama ambaye hajui kilifikaje pale. Upepo ukapita kwenye majani. Mutembei alisimama pale na kuelewa kwamba hoja yake ya kwanza maishani inakufa mbele ya macho yake, kwa kukosa mtu mmoja.

"Kwa mara ya pili. Nani anaunga mkono?"

"Mimi."

Gladwell alikuwa bado ameshika kile kijitabu.

"Mama Mwendwa," Kiunga akasema kwa upole, "wewe si mjumbe. Umeandikwa ulihudhuria kwa mwaliko."

"Nimewapikia vikao viwili," Gladwell akasema. "Mwenyekiti, ulikula miguu yote miwili ya jogoo. Mimi ni mjumbe." Kisha akamgeukia mumewe, na sauti ikabadilika. "Mimi nilipendekezwa na kwaya. Miaka thelathini na nne nangoja nikusikie ukipendekeza kitu mwenyewe. Naunga mkono."

Mutembei akachukua kitabu na kalamu. Ile sentensi ya "Ilikubaliwa kwa" akaikata mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika: "Ilipendekezwa kwamba pikipiki inunuliwe. Wajumbe wawili walikubali. Waliobaki walihudhuria."

"Na ng'ombe?" Kiunga akauliza. "Tulishapitisha ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Ann akasema, ndoo yake nusu mkononi. "Nani aliwaambia Sukari anauzwa? Kuna mtu aliniuliza?"

Kamati ikatazamana. Kwa kweli hakuna aliyemuuliza.

Kiunga, akiona heshima ya kikao inamwagika, akasema basi tufunge kwa maombi. Akavua kofia, akaanza. Akamshukuru Mungu kwa safari, kwa chai ya Nkubu, kwa chai ya Chuka, ile sauti yake ya lori lenye mzigo ikishuka chini, chini zaidi, mpaka mabati ya banda yakaanza kutetemeka kidogo. Upande wa pili wa ua ukasikika mlio mrefu wa raha. Ann akafumbua jicho moja, akakimbia, akaketi kwenye kigoda.

"Usiseme amina!" akapiga kelele. "Mzee, endelea! Wataje wagonjwa!"

Kiunga akawataja wagonjwa wote wa Kaaga, kisha wajane, kisha serikali. Ndoo ikajaa. Na mpaka leo, kila siku saa kumi na moja alfajiri, na tena jioni, Ann hupiga simu Meru, anaweka sauti ya juu, na Kiunga, hata akiwa bado kitandani, humwombea Sukari. Walijaribu kurekodi, ng'ombe alikataa, anataka ya siku hiyo. Mzee hajawahi kuwa na furaha hivi tangu awe mwenyekiti.

Mauzo yakaandikwa. Kajuju alifungua kona ya leso akarudisha kitambulisho, shingo upande, na kioo pia. Ngari alitoa helmeti ya pili, bado imo kwenye karatasi yake. Alisema aliinunulia mkewe, lakini mkewe hakukubali kupanda hata siku moja. Alisema hivyo akiitazama helmeti, kisha akampa Gladwell haraka na kuingia ndani.

Swali la miguu lilikuwa bado halijajibiwa. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kupendekeza kamati ndogo. Gladwell hakungoja. Alipandisha sketi yake kidogo, akavuka kiti cha nyuma, akaketi, na viatu vyake vyote viwili vya kutembelea vikakaa bapa juu ya udongo wa Manyatta, huku na huku. Pikipiki ikasimama wima, imara kama meza. Yule mpiga picha na jiwe lake angekuwepo angeona haya.

Mutembei akapanda mbele yake, wakaondoka, gari la kanisa nyuma. Kanja wakapita bila kusimama, vijana wakashangilia tena. Runyenjes, pale njia yao inapokutana na barabara kuu, malori yalikuwa yanapita, ikabidi wasimame.

"Simama tu," Gladwell akasema sikioni mwake. "Nimeweka miguu."

Akasimama. Nyuma yao gari la kanisa likapiga honi, na mkono wa Kiunga ukatoka dirishani ukielekeza kushoto: Meru, nyumbani, giza halijaingia. Kulia ni Embu mjini, na baada ya Embu ni kwingine kote.

"Wewe unataka wapi?" Gladwell akauliza.

Mutembei alitazama kushoto. Akatazama kulia. Honi ikapigwa tena.

"Nataka kulia," akasema.

Gladwell akainua miguu.